Trafiki Unayolipia Kaihesabu Nani, na Kaihesabia Wapi?

Haya jamani tuanze, waliochelewa watatukuta njiani. Wengi humu mnanijua, mmeshanisikia nikipiga kelele hii hii, na leo napiga tena maana bado naletewa mikataba ya intaneti ya vyuo na hospitali niisome, na kila nikifungua nakuta bei ina kurasa tatu, faini ya kuchelewa kulipa ina ukurasa mzima, halafu trafiki yenyewe, yaani bidhaa inayouzwa, ina mstari mmoja unaosema ni data yote inayopita kwenye huduma. Basi. Yote ipi? Ya kuingia, ya kutoka, au zote mbili zimejumlishwa? Imehesabiwa kwenye rauta yenu, yaani kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao, au kwenye rauta yao? Hakuna aliyeuliza, watu walikuwa wanabishana punguzo.

Twende kwenye pasentaili ya 95, ile njia ya kukokotoa bili ya intaneti, na najua kuna mtu pale nyuma ameshaguna. Guna tu, lakini bili yako unaijua inavyopatikana? Rauta inasomwa kila baada ya dakika 5 kuona kasi ya data, kila kipimo ni sampuli moja, kwa hiyo siku moja ina sampuli 288 na mwezi wa siku 30 una 8,640. Wanazipanga kutoka kubwa kwenda ndogo, wanatupa asilimia 5 za juu, yaani sampuli 432, na ile ya 433 ndiyo unayolipia mwezi mzima. Sampuli 432 za dakika 5 ni saa 36. Hii saa 36 iandikeni mahali, maana ndiyo mkataba wenyewe.

Sasa chukua chuo. Kimefunga 100 Mbps, yaani megabiti 100 kwa sekunde, kama kiwango cha chini cha kulipia, kina ruhusa ya kupanda hadi 1 Gbps, yaani 1,000 Mbps, na mchana kinatumia kama 80 hivi. Usiku kuna bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, inakwenda nje kwa 600 Mbps, saa 2 tu, wanafunzi wamelala, nani ataumia? Saa 2 mara siku 30 ni saa 60. Saa 60 imepita 36, kwa hiyo sampuli ya 433 imeangukia ndani ya bakapu na chuo kinalipia 600 Mbps mwezi mzima, wakati saa nyingine zote 22 za siku hawajafika hata 100. Ikate hiyo bakapu iwe saa 1, inakuwa saa 30 kwa mwezi, yote inatupwa kwenye ile asilimia 5, unalipia 100 yako. Laini ile ile, rauta ile ile. Mpaka wako ni saa 1 na dakika 12 kwa usiku, ukizidisha hapo unalipa. Au ipunguze kasi, iende 100 Mbps usiku kucha, saa 12, inabeba data ile ile ya saa 2 kwa 600, na bili haitikisiki. Mtu wa TEHAMA anayejua hili anaokoa hela nyingi kuliko kamati ya manunuzi iliyokaa wiki nzima kwenye viti vya kuzunguka.

Mtaniambia, "Mkufunzi, sisi tunalipa bei moja ya mwezi, haituhusu." Inakuhusu siku laini ikikujaa ukaomba kuongezewa, hapo ndipo unaletewa karatasi nyingine ya kusaini na hiyo karatasi ndiyo yenye pasentaili.

Halafu kuna hili la mwelekeo, na hapa wanapigwa hata waliobobea. Tuseme mwezi huu usajili wa wanafunzi umepandisha data ya kuingia kwa jumla ya saa 20, na bakapu imepandisha ya kutoka kwa saa 25 nyingine tofauti na hizo. Ukikokotoa kila upande peke yake halafu ukachukua ulio mkubwa, 20 iko chini ya 36, 25 iko chini ya 36, zote zinatupwa. Lakini mkataba ukisema katika kila sampuli inachukuliwa namba kubwa kati ya kuingia na kutoka, basi vilele vinaungana: 20 na 25 ni 45, imepita, lipa. Tofauti ya mikataba hiyo miwili ni maneno kama manane hivi kwenye kiambatisho, na mwanasheria wa chuo akiyasoma haoni kitu maana kwake yote mawili yanasema "kubwa zaidi".

Na sampuli zilizokosekana je? Mtambo wao wa kusoma ukishindwa kuifikia rauta saa nzima, wengine wanaandika sifuri, wengine wanazifuta, wengine data yote ya hiyo saa inakuja kubebeshwa dakika 5 za mwisho, unaona grafu inadai umepita 1.2 Gbps kwenye pot, yaani tundu la laini kwenye rauta, ya 1 Gbps. Nimeiona hiyo grafu kwa macho yangu, na aliyeileta alikuwa anaitetea! Sawa, sampuli moja itatupwa, haikuui. Mtambo ukikatika kila siku mara kadhaa, hesabu mwenyewe.

Kama mnadhani nabishania maneno tu, kumbukeni KIXP ya Nairobi, kituo ambako mitandao ya watoa huduma inakutana kubadilishana data. Novemba 2000 watoa huduma wa Kenya waliunganisha mitandao yao pale ili data ya Mkenya kwenda kwa Mkenya mwenzake isipande kwanza satelaiti kwenda ng'ambo na kurudi. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ndiyo peke yake iliyoruhusiwa kubeba trafiki ya kimataifa, ikalalamika kwamba haki yake imeingiliwa, na CCK, mamlaka ya mawasiliano ya Kenya ya wakati huo, ikaifunga KIXP ndani ya wiki chache tu. Ilirudi 2002. Nyaya zilikuwa zile zile, ugomvi ulikuwa hii trafiki ni ya namna gani na nani ana haki nayo. Na leo wapo wanaouza ya ndani kwa bei yake na ya nje kwa bei yake, sasa niambieni, video ya YouTube inayotoka kwenye kashe ya Google, yaani mashine inayotunza nakala za video karibu na watumiaji, iliyokaa ndani ya mtandao wa mtoa huduma wako ni ya ndani au ya nje? Mkataba usiposema, wewe unadhani atachagua ipi?

Naonyeshwa kidole cha dakika, haya nakimbia. GB: ya bilioni 1 kamili na ya 1,073,741,824 zinapishana asilimia 7 na kidogo, uliza unauziwa ipi na bando linakatwa kwa ipi. Vichwa vya paketi, yaani anwani zinazobandikwa kwenye kila kipande cha data, vinahesabiwa, ndiyo, kwa hiyo faili la MB 100 halitakula MB 100, usiende kugombana dukani kwa hilo. Kuzungusha juu ndiko kwa kugombania: simu ikifungua sesheni, yaani miunganisho ya data, ndogondogo mia na kila moja ikapandishwa hadi MB nzima, bando limeliwa hujafungua kitu. Umoja wa Ulaya kwenye kanuni zake za roming, yaani kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine, za 2012 uliandika wazi kwamba data ihesabiwe kwa kilobaiti, hata sisi tunaweza kudai sentensi fupi kama hiyo. La programu zinazotolewa bure bila kukata bando nimeliacha, linataka siku yake.

Swali moja tu? Ndiyo, dada. Anauliza mkishambuliwa, yaani mtu akiwamwagia trafiki ya hovyo siku mbili mfululizo, mnalipia? Siku mbili ni saa 48, dada, na umeshajua mpaka ni wapi. Imefika kwenye pot yenu, imehesabiwa. Labda mkataba useme trafiki ya shambulio mliloliripoti inatolewa kwenye sampuli, na mkiandika hivyo andikeni pia kwamba mnapewa sampuli ghafi za kila dakika 5, zote 8,640, kwenye faili, kila mwezi pamoja na ankara. Akikataa kuwapa msisaini.