Masista wa Chipole na umeme wao

Haya jamani, wakubwa shikamooni, vijana mambo. Nimeombwa niongelee masista wa Kibenediktini wa Chipole, na najua wengi hapa mkisikia sista mnawaza rozari, chekechea na dispensari basi, sasa mimi naanza na umeme.

Sisi tuliokulia Songea jenereta tunalijua, linanguruma weee halafu dizeli ikiisha kimya, unamsikia mama anapapasa koroboi chini ya meza. Gridi ya taifa imetufikia 2018. Lakini 2015 masista hawa wa Chipole, shirika la Mtakatifu Agnesi, walishawasha mtambo wao wa umeme wa maji pale Tulila, mto Ruvuma, megawati 5, na umeme wanawauzia Tanesco, shirika la umeme la taifa. Masista, ndugu zangu! Wanawauzia Tanesco!

Na hawa wana historia ndefu. Wabenediktini wa kwanza walifika kutoka Ujerumani 1888 wakakaa Pugu, masista wakiwemo, haukupita muda Januari 1889 watu wa Bushiri, yule aliyeongoza watu wa pwani kumpinga Mjerumani, wakaivamia misheni, wakauawa sista mmoja na mabruda wawili. Vita vya Majimaji 1905 akauawa Askofu Cassian Spiss na wenzake 4, wawili masista, na misheni yao ya Peramiho ikachomwa moto. Tusifichane hapa, wazee wetu walikuwa wanapigania ardhi yao na misheni ilikuja kipindi kile kile cha bendera ya Mjerumani, ndio maana ikachomwa.

Ila mwaka ninaoupenda mimi ni 1938, ndipo lilipoanza shirika hili la Chipole, la mabinti wa huku huku, masista wa Kiafrika wenyewe.

Sasa kanuni wanayoishi ni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, na sura ya 66 inasema monasteri ikiwezekana iwe na maji, kinu na bustani humo humo ndani, watu wasiwe wanazurura nje kutafuta mahitaji. Maji na kinu! Sasa niambieni, turbaini lina tofauti gani na kinu, si mto unasukuma chuma kinazunguka? Watu wanashangaa masista wameingiaje kwenye mambo ya umeme, mi nasema wamesoma kanuni yao vizuri tu.

Halafu kuna sura ya 43, kengele ya sala ikilia unaacha ulichoshika, iwe jembe iwe spana, unaenda. Turbaini lenyewe kengele halina habari nayo, linazunguka tu.

Haya, maswali, nani anaanza?