Kuchoma Diski Inayosomeka kwenye Windows, Mac na Linux

Mabibi na mabwana, diski ikichomwa kwenye Linux na kusomeka vizuri hapo, kisha ikifika kwenye Windows ile picha-harusi.jpg ikageuka PICHA_HA.JPG, msiilaumu draivu. Leza imeshafanya kazi yake. Kasoro iko kwenye daftari la majina, yaani orodha ya mafaili iliyo ndani ya diski.

Daftari la msingi ni ISO 9660, kiwango cha mwaka 1988. Katika ngazi yake ya kwanza jina lina herufi 8, nukta, kisha 3: herufi kubwa A hadi Z, tarakimu na mstari wa chini, basi. Ufinyu huo ndio unaoiwezesha kusomwa karibu kila mahali. Watu wa Unix wakaongeza Rock Ridge, inayobeba majina marefu pamoja na ruhusa za faili. Microsoft nao wakaja na Joliet mwaka 1995: Unicode (mfumo wa herufi za lugha mbalimbali), jina la hadi herufi 64. Windows haiioni Rock Ridge kabisa. Linux ikizikuta zote mbili huchukua Rock Ridge. Kwa hiyo tunaziweka zote. Mafaili yenyewe hayaandikwi mara mbili, madaftari tu ndiyo yanayoongezeka, nayo hula nafasi ndogo mno.

Kwanza tunatengeneza faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, ndilo litakalochomwa. Kwenye Linux tunaandika hivi:

genisoimage -r -J -V KAZI -o kazi.iso folda/

-J ni Joliet. -r ni Rock Ridge, na iwe herufi ndogo. Mkiweka -R kubwa, mwenye faili na ruhusa zake hubaki kama zilivyo, na faili lililofungiwa mtumiaji mmoja litamgomea mwingine kwenye Linux ya pili. Lebo, yaani -V, isizidi herufi 16, maana Joliet haibebi zaidi. Programu ikilalamika kwamba mafaili mawili yana jina moja la Joliet, yanafanana katika herufi 64 za mwanzo, fupisheni. Kuna -joliet-long inayofikisha 103, lakini inakiuka kiwango, hatuipendekezi.

Kwenye Mac:

hdiutil makehybrid -iso -joliet -o kazi.iso folda

Ukiweka diski tupu, Windows hukuuliza itumike kama flashi au kwenye pleya ya CD na DVD. Chagueni pleya. Ile ya flashi huandika kidogo kidogo kwa UDF, daftari la aina nyingine, na sesheni (awamu moja ya kuandika) isipofungwa kabla ya kutoa diski, kompyuta nyingine inaweza kuiona tupu. Na faili la ISO lililokwisha kutengenezwa msiliburute tu ndani ya diski: mtapata diski yenye faili moja linaloishia .iso. Libonyezeni kitufe cha kulia cha mausi, mchague kuchoma.

Majina ndiyo yanayosumbua kuliko yote. Mtu wa Mac akiita folda Mapato/Matumizi, mfumo kwa ndani huhifadhi nukta mbili badala ya mkwaju, na Windows haikubali alama yoyote kati ya hizo. Pia haikubali * ? " < > | wala mkwaju wa nyuma. Kwenye Linux, Picha.jpg na picha.jpg ni mafaili mawili. Windows huyaona jina moja. Kama diski ina kurasa za HTML, kiungo kilichoandikwa Picha.JPG ilhali faili ni picha.jpg kitafanya kazi Windows na kugoma Linux. Herufi ndogo, tarakimu na kistari vinatosha.

Ukubwa nao. CD ya dakika 80 hubeba baiti 737,280,000. DVD-R ni baiti 4,707,319,808, DVD+R ni 4,700,372,992. ISO iliyojazwa pomoni kwa DVD-R haitaingia kwenye DVD+R. Video moja inayofika GiB 4 ikateni vipande. Chaguo la genisoimage liitwalo -allow-limited-size huipitisha kwa kuongeza UDF, lakini anayeisoma kwa upande wa ISO 9660 ataona ukubwa usio wa kweli.

Chomeni yote kwa sesheni moja, mfunge diski. Mac huonyesha kila sesheni kama diski ya peke yake, jambo linalomchanganya mpokeaji.

Kuhakiki kwenye Linux kwamba diski ni sawa na ISO (/dev/sr0 ni draivu ya diski, sha256sum hutoa alama ya utambulisho ya maudhui): gawanyeni ukubwa wa ISO kwa 2048 mpate idadi ya sekta, muiweke badala ya N:

dd if=/dev/sr0 bs=2048 count=N | sha256sum

Mlinganishe na sha256sum kazi.iso. Bila count, sekta za ziada zilizoachwa mwishoni na draivu zinaweza kubadili jibu, na diski nzima kabisa ikatupwa bure.