Harlem Ilianza na Kodi ya Nyumba

Ndugu zangu, mshairi Langston Hughes mnamjua, mwandishi Zora Neale Hurston mnamjua, na The New Negro, ule mkusanyiko wa maandishi ya Weusi aliouhariri Alain Locke mwaka 1925, mmeusikia ukitajwa mara nyingi. Sitaanza huko. Nitaanza pale ninapoanzia siku zote, na walionisikia mwaka jana wanivumilie: kodi ya nyumba.

Tumezoea kuusimulia Mwamko wa Harlem, kule kuchanua kwa fasihi, muziki na sanaa ya Wamarekani Weusi katika kitongoji cha Harlem, New York, miaka ya 1920, kana kwamba washairi walidondoka kutoka mawinguni. Walipanga vyumba! Na kabla yao alitangulia dalali. Wajenzi walikimbilia Harlem kwa kuwa treni ya chini ya ardhi ilikuwa inakuja. Wakajenga kupita kiasi, na treni ilipofika mwaka 1904, nyumba nyingi zilikosa wapangaji. Hapo ndipo Philip Payton, dalali Mweusi, alipojitokeza kuwajazia wenye nyumba majengo yao. Kampuni moja ya Weupe ilinunua majengo mtaa wa 135, ikawafukuza wapangaji Weusi. Payton naye akanunua majengo ya jirani, akawatoa wapangaji Weupe, akaingiza Weusi. Kampuni yake ilianguka mwaka 1908, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Inaniuma kwamba wanafunzi wangu wanamaliza shahada ya fasihi bila kulisikia jina lake.

Sasa, mpangaji Mweusi alitozwa zaidi kuliko Mweupe, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa Mweupe. Mwezi ukiisha, unafanyaje? Unaandaa sherehe ya kuchangisha kodi. Unaviringisha zulia. Unasukuma kitanda ukutani, unaazima viti kwa mtu wa mazishi, unakaanga samaki, unamwita mpiga piano. Unachapisha kadi ndogo zenye mashairi ya vina na kuzigawa mitaani. Aghalabu kadi zenyewe hazitaji kodi. Zinasema ni jioni ya kucheza karata. Mgeni analipa senti chache mlangoni, ananunua chakula, ananunua na pombe iliyopigwa marufuku nchi nzima tangu 1920. Alfajiri mwenye chumba anahesabu sarafu, na mwenye nyumba akigonga, anapata chake. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku kubwa, na Alhamisi pia, kwa sababu watumishi wa ndani waliolala kwa mabwana zao walipewa mapumziko siku hiyo. Hughes alikuwa akihudhuria, na zile kadi alizitunza. Mshairi aliyeuleta mdundo wa bluzi kwenye karatasi alikuwa anakusanya matangazo ya kodi! Halafu mnaniuliza kwa nini sichoki kulisema jambo hili.

Najua yupo atakayesema: Mwalimu, tumekuja kusikia fasihi, wewe unatuletea samaki wa kukaanga. Lakini sikilizeni piano ya vyumba vile. Chumba kimejaa, ngoma haina pa kukaa, kwa hiyo mkono wa kushoto ndio unaokuwa ngoma: unapiga sauti nzito chini, unaruka juu, unarudi chini, usiku kucha, huku mkono wa kulia ukiimba. Fats Waller na Willie Smith walikomazwa na vyumba hivyo, na aliyewazidi kwa heshima alikuwa James P. Johnson.

Mwingine ataruka upande wa pili, aseme basi shida ndiyo mama wa sanaa. Hapana, hapana! Neno hilo huwafurahisha watu wasiolipa kodi. Njaa haimfundishi mtu piano. Johnson alisomea ufundi wa piano kwa mwalimu wa muziki wa Ulaya. Duke Ellington alijifunza kibao cha Johnson, Carolina Shout, kwa kupunguza mwendo wa piano ya kujiendesha na kufuatisha vibonyezo vikishuka kimoja kimoja. Hiyo ni kazi. Shida ilichofanya ni kuwabana mafundi hao katika mitaa michache hadi wakawa hawawezi kukwepana: mpishi, mhariri, mchoraji, msichana wa chuo, wote ngazi moja. Msongamano huohuo ulileta pia kifua kikuu, na watoto walikufa humo. Msiusifu mbele yangu.

Naona mwenyekiti ananyoosha mkono, kwa hiyo majarida nayaruka, yale Crisis na Opportunity yaliyochapisha kazi za waandishi Weusi. Klabu ya usiku ya Cotton Club naitaja tu: Weusi walipiga muziki jukwaani, wateja walikuwa Weupe. Augusta Savage na uchongaji wake alistahili saa nzima, naye leo nimemnyima.

Ila maktaba ya mtaa wa 135 siiachi. Mwaka 1926 ilipata mkusanyo wa Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, ulionunuliwa kwa dola 10,000: vitabu, hati na picha za watu Weusi alizozitafuta miaka mingi. Mpangaji aliyelala watu sita chumbani aliweza kuingia pale, akavuta kiti, akasoma bure.

Hughes alipofika mara ya kwanza, mwaka 1921, alishuka treni kituo cha mtaa huohuo wa 135, akapanda ngazi akiwa na mabegi yake, akaenda kutafuta chumba. Leo majivu yake yamezikwa chini ya sakafu ya jengo la Schomburg, maktaba ileile iliyopewa jina lake, hatua chache kutoka kwenye ngazi zile.