Kisiki cha mwati kwenye shamba la mizabibu

BARAKA: Karibuni tena. Leo tuko Cape, Afrika Kusini. Dada Mwanaisha, mkulima wa zabibu ana mizabibu upande mmoja na nyika ya asili upande wa pili. Kuihifadhi hiyo nyika, si aiache tu?

MWANAISHA: Akiiacha itamezwa, kaka. Bondeni kuna mti wa mwati, mwati huu huu wa Njombe. Kwao ni Australia. Unakunywa maji ya kijito, kivuli chake kinaua mimea ya chini, na mbegu zake hukaa udongoni miaka 50 zikiwa hai.

BARAKA: Basi aukate.

MWANAISHA: Hapo ndipo wengi wanapoharibu, maana unachipua kisikini. Kata chini kabisa, pangusa unga wa msumeno, paka dawa ya magugu papo hapo. Ukienda kula kwanza, kisiki kimeshakauka na dawa haiingii. Ipake ukingoni, kwenye ule mduara laini chini ya gome. Katikati ni mbao iliyokufa, unamwaga pesa. Changanya na rangi uone kipi kimepakwa.

BARAKA: Na msonobari?

MWANAISHA: Huo hauchipui. Kata tu, dawa ya nini?

BARAKA: Matawi?

MWANAISHA: Usirundike rundo kubwa. Likishika moto, udongo wa chini unaungua pamoja na mbegu za asili, panabaki kipara miaka mingi. Marundo madogo, mbali na mto, mafuriko yasije yakayazoa.

BARAKA: Hapo kazi imeisha?

MWANAISHA: Ndiyo inaanza! Mvua za kipupwe zikinyesha, miche inaota kama mchicha. Ing'oe kwa mkono udongo ukiwa umelowa, haijafika magotini, na urudi kila mwaka. Kama huna fedha za kurudi, heri usikate, kwa sababu umefungua jua na kichaka kipya kitakuwa kinene kuliko cha kwanza. Tena anzia juu ya bonde, mbegu husafiri na maji.

BARAKA: Shamba la Vergelegen, Somerset West, limesafisha zaidi ya hekta 2,000 za miti vamizi.

MWANAISHA: Naam, inawezekana. Ila kuna uoto ambao ukipotea haurudi: renosterveld, yaani nyika ya kifaru. Inaota kwenye mfinyanzi wenye rutuba, ndiyo maana ililimwa ngano na zabibu. Mabondeni imebaki chini ya asilimia 10. Plau ikipita mara moja, vile vitunguu vya chini ya udongo ambavyo maua ya porini huchipulia vinakatwakatwa, basi. Hata trekta lisigeuzie humo. Mwaka 2004 ulipoanza mpango wa Biodiversity and Wine Initiative, yaani mpango wa bioanuwai na mvinyo, hoja ilikuwa hiyo: mizabibu mipya isiingie kwenye vipande hivi.

BARAKA: Moto nao? Wengine wanauzima kila ukiwaka.

MWANAISHA: Mimea ya milimani kule, fynbos, inauhitaji. Protea, vile vichaka vya maua ya huko, nyingi huficha mbegu kwenye vichwa vya maua vilivyokauka, moto ndio huzifungua. Lakini ukiwahi mno, hakuna mbegu. Tazama protea zinazochelewa kukomaa: angalau nusu ziwe zimechanua mara tatu. Choma mwishoni mwa kiangazi. Na mwaka unaofuata peleka watu wa kung'oa miche, kwa kuwa moto huo huo umeamsha mbegu za mwati.