Mapigo ya Mtoto Yanayofuata Pumzi

Wauguzi na matabibu wenzangu wa Moshi, habari za asubuhi.

Mtoto wa miaka 7 kaletwa kwa kikohozi tu. Unamshika mkono: mapigo yanakwenda haraka kidogo, yanapoa, yanaharakisha tena. Kabla hujaandika rufaa ya KCMC, hospitali yetu kubwa hapa Moshi, mtazame kifua. Akivuta pumzi mapigo yanaongezeka, akiitoa yanapungua. Huo si ugonjwa. Neva ya vagasi ndiyo breki ya moyo; mtoto akivuta pumzi ubongo huilegeza, akitoa huikaza. Kwa watoto breki hiyo ina nguvu kuliko kwa wazee.

Kwanza mpumzishe dakika 5. Aliyetoka kukimbilia Hiace hatakuonyesha kitu, maana mbio huilegeza breki; homa nayo vilevile. Weka stetoskopu, macho yabaki kifuani, uhesabu dakika nzima. Ninyi wa sekunde 15 mkazidisha kwa 4, hapa mnajidanganya: ukikosea mapigo 2, kosa linakuwa 8. Kisha avute pumzi kwa sekunde 5, aitoe kwa sekunde 5 kama anayepoza uji. Tofauti itazidi kusikika. Akibana pumzi kidogo, kwa kawaida mapigo hunyooka. Mwisho aruke mara 20. Yakiongezeka na kulingana, tulia.

Kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, iendayo milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04. Pima P (wimbi dogo la vyumba vya juu vya moyo) hadi P: nafasi ndefu ikiizidi fupi kwa zaidi ya visanduku 3, yaani sekunde 0.12, ndiyo hali hii ya mapigo kufuata pumzi. Ila sharti kila QRS, wimbi refu la vyumba vya chini, itanguliwe na P yenye umbo lilelile, iliyosimama kwenye lidi II (mojawapo ya mistari ya ECG), na umbali wa P hadi QRS usibadilike. Mashine ikichapa kwamba mdundo una kasoro, msiiogope; haimwoni mtoto akipumua.

Pigo linalowahi kisha kimya, hilo halifuati pumzi, ni jambo jingine. Mdundo uliovurugika ovyo bila P, hasa kwa aliyewahi kuugua homa ya rumatiki, ni rufaa. Anayezimia akikimbia, au aliyefiwa ghafla na ndugu kijana, apelekwe hata kama mapigo yanafuata pumzi vizuri. Na mtoto mchanga mwenye mapigo 220 kwa dakika yaliyonyooka kama cherehani, alie au alale? Huyo mkimbizeni.