Kufundisha timu ya kiwanda kupima ufanisi wa mashine: laini ya maji ya chupa, Malindi

Asalaam alaykum, hamjambo nyote. Niko Malindi, kwenye kiwanda kidogo cha maji ya chupa, na zamu ya asubuhi imenizunguka. Kelele za mashine mtazivumilia. Siizimi, maana ndiyo tunayojifunza kuisoma.

Tuna ubao, chaki za rangi mbili, saa ya ukutani na fomu ya zamu. Haya. Ufanisi wa mashine tunaupima kwa vitu vitatu: muda, kasi na ubora, kisha tunavizidisha.

Kwanza, muda. Zamu ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, dakika 480. Toa 60 za chakula na sala, zimebaki 420. Jana laini ilisimama dakika 84, pampu ilipoharibika na tulipobadilisha kutoka chupa za nusu lita kwenda za lita moja. Ilikwenda dakika 336. Gawanya kwa 420: asilimia 80. Je, stima ikikatika? Wengine huitoa kwenye hesabu. Mimi huiandika kwa chaki nyekundu, kwa sababu mwenye kiwanda akiiona kila siku ndipo hufikiria jenereta.

Pili, kasi. Kibati cha mashine kinasema chupa 20 kwa dakika. Tumia hiyo, si kasi mliyoizoea. Dakika 336 zingetoa chupa 6,720, zikatoka 5,040. Asilimia 75. Sasa hizo nyingine zime...

Hebu, hebu! Mpiga picha, rudi pale kwenye mkanda. Mwaona? Chupa imelala pale kwenye kona, za nyuma zimesongamana. Dada ameiinua chupa kwa mkono, laini imeendelea. Sekunde kama 40. Dada yangu, fomu iko wapi? Haijaandikwa kitu.

Hapa ndipo, jamani. Visimamo vidogo kama hiki ndivyo vinavyoishusha kasi hadi ile asilimia 75. Usizitoe dakika zake kwenye muda, zimo tayari kwenye kasi, utazihesabu mara mbili. Piga kijiti kimoja tu kwenye fomu, papo hapo. Si jioni. Jioni hakuna anayekumbuka.

Na jina la mtu usiandike. Kiwanda cha kwanza nilichofundisha niliweka safu ya jina la mwendeshaji. Kufikia Alhamisi fomu zilikuwa nyeupe, eti hakuna kilichosimama, na chupa haziongezeki. Watu waliogopa kukatwa mshahara, na woga ule niliuleta mimi. Ilinichukua muda mrefu kurudisha imani yao. Kwa hiyo andika mashine, saa na sababu. Jina, hapana. Hata msimamizi akikuomba, mwambie hapana.

Tatu, ubora. Katika 5,040, mbovu ni 252: vifuniko vilivyokaa upande, lebo zilizokunjana. Nzuri 4,788, asilimia 95.

Sasa zidisha. Usijumlishe ukagawanya kwa tatu! 0.80 mara 0.75 mara 0.95, unapata asilimia 57. Hakikisha hivi: dakika 420 mara 20 ni chupa 8,400, gawa zile 4,788 kwa 8,400. Ni 57 ile ile. Zisipolingana, kuna mahali mmekosea, rudini kwenye fomu.

Kipimo hiki kilienezwa na Mjapani Seiichi Nakajima, na asilimia 85 hutajwa kuwa ya viwanda bora duniani. Siku ya kwanza usiiweke ubaoni. Timu ikishaona 85 itaanza kuipikia namba, nami naipenda 57 ya kweli.

Mwisho, mpe chaki mwendeshaji, wewe unyamaze. Dada, chupa hulala wapi sana?

Anasema kwenye kona, tangu reli ya pembeni ilegee. Sogeza kamera. Naam, skrubu imeliwa na kutu. Hewa ya bahari hii haichezi. Mimi nimepita hapa asubuhi nzima sikuiona.

Bwana fundi, njoo na spana na skrubu ya chuma kisichoshika kutu. Dada, endelea kupiga vijiti. Saa saba tutavihesabu.