Nguvu Ninazo, kwa Nini Nipime?

BARAKA: Karibuni tena. Dada Zuhura, kuna msikilizaji ameniandikia. Ana miaka sita kwenye ndoa. Mkewe ameshapigwa picha za mirija mara mbili na dawa za mitishamba amekunywa mpaka amechoka. Yeye mume hajapima hata mara moja. Anasema, "Nguvu ninazo, kwa nini nipime?"

ZUHURA: Hapo ndipo ninapoumia, kaka. Nguvu za kiume ni habari moja, mbegu ni habari nyingine kabisa. Nimekaa maabara miaka mingi. Mtu analeta manii, kiasi chake cha kawaida, ukiweka kwenye hadubini huoni mbegu hata moja. Na mwenyewe ni mzima, hana anachougua.

BARAKA: Inatokana na nini?

ZUHURA: Sababu ni nyingi, ila leo nataka tuzungumzie kromosomu, vile vijiuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi. Seli ya mwili ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Mbegu inatakiwa ibebe nusu, 23, ili ikikutana na yai zitimie 46. Kugawana huko hufanyika ndani ya korodani, na pengine jozi moja inakataa kuachana. Mbegu hii inatoka na 24, ile inatoka na 22.

BARAKA: Kwa hiyo mwenye mbegu hizo hazai?

ZUHURA: Hapana, hata baba wa watoto kumi anazo chache. Shida ni zikiwa nyingi. Wanaume wenye mbegu haba sana mara nyingi ndio wenye nyingi zilizokosea hesabu, hata kama damu yao inaonyesha 46 kamili. Mbegu ya namna hiyo ikitungisha yai, mara nyingi mimba haishiki, au inatoka mapema. Halafu mama ndiye anayeambiwa kizazi chake hakina nguvu.

BARAKA: Duh. Na wapo waliozaliwa na hitilafu hiyo mwili mzima?

ZUHURA: Wapo, na wengi kuliko tunavyodhani. Kati ya kromosomu hizo, mbili ni za jinsia, na mwanamume huwa na X moja na Y moja. Mwenye hali inayoitwa Klinefelter ana X mbili na Y, jumla 47. Daktari Harry Klinefelter alieleza hali hiyo mwaka 1942 kule Boston, chanzo kikiwa bado hakijulikani. Ni 1959 ndipo Patricia Jacobs na John Strong, Scotland, walipoikuta ile X ya ziada. Inakadiriwa ni mwanamume mmoja katika kila 600 hivi. Korodani zake huwa ndogo, lakini nani anazipima? Wengi hugundua wakishaanza kutafuta mtoto.

BARAKA: Akigundua, ndiyo basi tena?

ZUHURA: Siyo basi. Daktari bingwa anaweza kuipasua korodani akiitazama kwa hadubini ya upasuaji, atafute vijirija ambavyo bado vinatengeneza mbegu. Kwa karibu nusu ya wenye Klinefelter hupatikana. Kisha mbegu moja inadungwa ndani ya yai moja. Njia hiyo ilitoka Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gharama yake ni kubwa, sitaficha.

BARAKA: Na dawa za kuongeza mbegu?

ZUHURA: Hakuna mzizi wala kidonge kinachoondoa kromosomu iliyozidi. Wala kinachorudisha kipande cha Y kilichopotea, maana hiyo nayo ipo. Kwenye Y kuna sehemu tatu zinazohusika na mbegu, zinaitwa AZF a, b na c. Ikikosekana a nzima au b nzima, usikubali kupasuliwa, mbegu hazitapatikana. Ikiwa ni c, mara nyingi zinapatikana, ila mtoto wa kiume atarithi pengo lile lile. Ndiyo maana kipimo cha damu kinatangulia kisu. Nimeona familia imeuza shamba kwa tiba ambayo kipimo kimoja kingewaambia waiache.

BARAKA: Huyu ndugu yetu aanzie wapi?

ZUHURA: Kipimo cha manii. Akae siku mbili hadi saba bila tendo, ndipo apeleke. Majibu yakiwa mabaya, arudie baada ya miezi mitatu hivi, mbegu mpya zikiwa zimeshatengenezwa. Zikiwa haba sana au hazipo kabisa, aombe kipimo cha homoni na cha kromosomu. Na waende wote wawili, mkewe asikie kwa masikio yake.

BARAKA: Namjibu usiku huu huu.